Kauri Yenye Matundu Huvunjikia Wapi?

Katika viwanda vya alumini, metali iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 700 hivi, mara nyingi hupitishwa kwanza kwenye kichujio cha kauri kabla ya kumiminwa kwenye kalibu. Ukikishika kichujio hicho utashangaa kilivyo chepesi, kwani sehemu kubwa yake, aghalabu zaidi ya asilimia 80, ni hewa. Kazi yake ni kunasa taka na kutuliza mmiminiko. Kikimegeka, vipande vyake vinaingia kwenye alumini na kuwa taka vyenyewe. Kwa hiyo nguvu ya kauri hii si hoja ya maabara peke yake.

Njia iliyozoeleka ya kuitengeneza ilipata hataza mwaka 1963, mikononi mwa Wamarekani wawili, Karl Schwartzwalder na Arthur Somers. Unachukua sponji, ya jamii ileile ya magodoro, unaichovya kwenye uji mzito wa unga wa kauri, unaikamua ili matundu yasizibe, unaikausha, kisha unaitia tanurini. Sponji inaungua yote, kauri inabaki na umbo lake. Ni werevu wa kupendeza, ila una gharama yake.

Kata kijiti kimoja kati ya maelfu yanayounda wavu huo, ukitazame kwa hadubini. Ndani ni kitupu, na uwazi wenyewe una pembe tatu zilizochongoka, maana ndivyo vilivyo vijiti vya sponji. Juu ya kila pembe uji ulijivuta ukaacha utando mwembamba tu. Kisha moto ulipowaka, gesi za sponji zilitafuta pa kutokea, zikapasua palepale palipo pembamba. Kijiti kinatoka tanurini tayari kina ufa uliokifuata kwa urefu wake.

Mwaka 1921 Mwingereza Alan Griffith, akifanyia majaribio kioo, alionyesha kwamba ufa ukiwa mrefu zaidi, nguvu inayotosha kukivunja inapungua. Chuma hujinyoosha kidogo kwenye ncha ya ufa, mkazo ukapungua. Kauri haijui kujinyoosha. Ufa ukianza kwenda, umekwenda. Ndiyo maana vipande viwili vya tanuri moja, vyenye uzito sawa, vinaweza kuvunjika kwa mizigo tofauti kabisa. Anayekutajia wastani peke yake hajakueleza kitu.

Mpangilio wa vijiti nao una neno. Kwenye kauri ya sponji, mzigo ukija kutoka juu vijiti vingi hupinda, kama ubao wa kuvukia mtaro unaokanyagwa katikati: upande mmoja unabanwa, wa pili unavutwa. Kauri huvumilia sana kubanwa lakini kuvutwa haikuwezi. Hesabu za Lorna Gibson na Michael Ashby, waliotoa kitabu chao kuhusu vitu vya namna hii mwaka 1988, zinasema ukipunguza kauri kwa nusu ndani ya ukubwa uleule, nguvu haibaki nusu. Inabaki kama asilimia 35. Vijiti vikipangwa kwa pembetatu zinazoshikana pande zote, mzigo hupita kwa urefu wa kijiti badala ya kukipinda, na hasara inakaribia kulingana na kauri iliyopunguzwa. Sponji haikupi mpangilio huo. Mashine za kuchapa kauri tabaka kwa tabaka zinaweza.

Kwa wanaobaki na sponji, dawa ni kuichoma polepole ili gesi zitoke bila kupasua, kuchovya mara ya pili, au kutumia ombwe kuvutia uji ndani ya vijiti vitupu. Wengine wameiacha sponji kabisa: wanaupiga uji wenyewe hadi utoe mapovu, halafu wanaugandisha. Kuta zinazobaki hazina uwazi ndani, na povu la aina hii kwa kawaida ni imara zaidi kwa uzito uleule.

Fundi anayefinyanga vichujio vya maji kwa udongo na pumba za mpunga anashughulika na jambo hilohilo. Pumba zikiungua huacha vitundu vya kupitisha maji, na pumba moja nene huacha shimo kubwa ambalo ufa utaanzia. Hiyo ni sababu mojawapo ya pumba kusagwa na kuchekechwa kabla ya kuchanganywa na udongo.