Kutoka Shule ya Wasioona Hadi Chuoni: Njia Hukatikia Wapi?

Mji wa Thika una sifa mbili ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa pamoja. Ya kwanza ni shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambayo jina lake limeenea kote Afrika Mashariki, pamoja na zile shule za Joytown zinazowalea watoto wenye ulemavu wa viungo. Ya pili ni wingi wa vyuo. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilipewa hati yake mwaka 2011. Pale Juja kipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kama chuo cha kilimo na teknolojia mwaka 1981 na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ruiru ina Zetech, na ukisogea kidogo kuelekea Nairobi unafika Kahawa, kwenye Chuo Kikuu cha Kenyatta ambako walimu wa elimu maalumu hufunzwa. Ukiendelea hadi Kasarani utaikuta Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoasisiwa mwaka 1986. Zote hizi zimepangana kando ya barabara moja, ile ya Thika.

Mgeni akiambiwa hayo atakisia kwamba hakuna pembe nyingine ya nchi ambako kijana asiyeona hupokewa chuoni kwa urahisi kama hapa. Laiti ingekuwa hivyo!

Nimefundisha sehemu hizi kwa muda mrefu, na vijana kadhaa wasioona wamepitia mikononi mwangu. Wanayonisimulia yanafanana mno. Katika shule ya msingi na ya upili, kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa kufikiria mtu asiyetumia macho: vitabu vya nukta nundu, mashine za Perkins, walimu wanaojua kuzisoma zile nukta, vijia ambavyo mguu umekwisha kuvizoea. Mtihani wa kidato cha nne ulipowadia, Baraza la Mitihani lilileta karatasi zilizoandikwa kwa nukta nundu, na mtahiniwa akaongezewa muda. Kisha kijana huyo huyo anafaulu, anaitwa chuoni, na katika juma la kwanza anaingia ukumbi wa mihadhara wenye watu mia tatu, mbele yao mhadhiri akiuonyesha ubao kwa kidole na kusema, "Kutokana na hii, tunapata hii."

Hii ipi?

Mmoja wao alinieleza kisa cha mtihani wake katika chuo nisichopenda kukitaja. Alifika saa mbili asubuhi pamoja na wenzake. Karatasi yake haikuwa imetayarishwa, wala hakuna aliyekumbuka kwamba ingehitajika. Akaketi nje hadi karibu na adhuhuri, ndipo akaletewa karani wa kumsomea maswali. Karani alikuwa mtu mwema, ila hakuwahi kusoma uchumi, na kila alipokutana na fomyula alikuwa akiiruka. Kijana alijibu alichosomewa. Matokeo yalipotoka, alama zake ziliandikwa kama za mtu mwingine yeyote, na hakuna mahali palipoonyesha kwamba sehemu ya mtihani ule hakuwahi kuusikia.

Jambo linaloniudhi ni kwamba hayo hayatokani na upungufu wa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza taasisi yoyote ya elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake tu, ikiwa ana uwezo wa kusoma. Zaidi ya hayo, ilizitaka taasisi ziyazingatie mahitaji yake katika masharti ya kujiunga, mtaala, mitihani, huduma za ziada na matumizi ya majengo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, ikaja na haki ya kutumia lugha ya ishara na nukta nundu, na haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mwaka 2025 sheria ile ya 2003 ikaondolewa na nyingine mpya ikashika nafasi yake. Basi kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna chuo kinachoweza kudai kwamba hakikuambiwa.

Tatizo, kwa maoni yangu, limo katika namna utiifu wa sheria unavyopimwa. Wakaguzi wanapozuru chuo, huonyeshwa faili. Ndani ya faili mna sera ya wanafunzi wenye ulemavu, imepigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi. Wataonyeshwa ujia wa mteremko mlangoni mwa jengo la utawala, mahali ambapo mwanafunzi huenda mara moja kwa muhula kulipa karo. Ni nani atakayewapandisha hadi maabara iliyo ghorofa ya tatu, lifti ikiwa imeharibika? Ningekuwa na mamlaka katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ningeamuru mkaguzi aanze kazi yake kwa kumtafuta mwanafunzi mwenye fimbo nyeupe, atembee naye kutwa nzima, na faili zifunguliwe kesho yake.

Najua wakuu wa vyuo watasema fedha hazipo. Si uongo. Vyuo vikuu vya umma vina madeni, na vile vya binafsi vililalamika kwa miaka kadhaa kwamba serikali haikuvilipa karo ya wanafunzi iliowapeleka huko tangu mwaka 2016. Kuchapisha nukta nundu nako ni ghali: kitabu kimoja cha kawaida huzaa majuzuu kadhaa manene, yanayotaka karatasi nzito na mashine ya pekee. Lakini mwanafunzi wa leo mara nyingi ana simu au kompyuta yenye programu inayomsomea kwa sauti. Anachohitaji ni maandishi yenyewe katika kompyuta, si nakala iliyofifia ya nakala ya nakala. Hata haki za watunzi si kisingizio tena, kwani Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, uliwekwa ili vitabu viweze kugeuzwa kwa ajili ya wasioona bila kumwendea kila mchapishaji kuomba ruhusa.

Hapa nawageukia walimu wenzangu, kwa heshima zote. Kutamka kwa sauti unachokiandika ubaoni hakuhitaji bajeti. Kumpelekea mwanafunzi muhtasari wa somo siku mbili kabla hakuhitaji idhini ya seneti. Nimewasikia wahadhiri wakisema, "Ninaye mmoja tu darasani." Huyo mmoja amelipa karo ile ile, na atafanya mtihani ule ule. Na ajabu ni kwamba nilipojizoeza kutamka yale niliyoandika, waliokuja kunishukuru kwanza ni wale wenye macho mazima walioketi nyuma kabisa.

Nanyi wanafunzi, ambao huwasindikiza wenzenu hadi maktabani na kuwasomea usiku mitihani ikikaribia: mnafanya kazi ambayo chuo kilipaswa kuipanga, na pengine kuilipia. Msiiache. Lakini viongozi wenu waiweke katika madai yao kwa utawala, pamoja na yale ya chakula na mabweni.

Vyuo vingi humwuliza mwombaji, katika fomu ya kujiunga, kama ana ulemavu wowote. Swali hilo huulizwa wiki nyingi kabla ya muhula kufunguliwa. Muda huo unatosha kabisa kwa ofisi ya usajili kumwandikia kila mhadhiri husika barua ya ukurasa mmoja: kuna mwanafunzi asiyeona darasani mwako, anatumia programu fulani, mtihani wake uandaliwe hivi. Muhula ujao, mhadhiri ambaye hajaipata barua hiyo na aende mwenyewe ofisini kuiulizia.