Herufi Nene Zilizoinama Katika Barabara za Mombasa

Msafiri asimamaye Mwembe Tayari wakati wa magharibi akingojea matatu ya Bamburi hana wasaa wa kusoma, bali ana wasaa wa kutambua tu, na jina la mwisho wa safari halina budi kumfikia kabla gari halijampita. Kwa haja hiyo herufi nyingi zilizoandikwa ubavuni mwa magari hayo zimekuwa nene, zimeinamia mbele, na ncha zake zimeviringwa, wala hazina vile vikucha vidogo tuvionavyo katika herufi za vitabu.

Sifa hizo hazikuzaliwa siku moja. Kuinama ndiko kukongwe: mwaka 1501 Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, alitoa mashairi ya Virgil kwa herufi za mshazari alizochongewa na Francesco Griffo, zikiigiza hati ya mkono uandikao upesi. Unene uliletwa na matangazo ya biashara ya London mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1816 mtengenezaji wa herufi William Caslon wa Nne akaonyesha herufi za chapa zisizo na vikucha. Ama ncha za mviringo, mpiga brashi alizijua tangu zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya magari ya Volkswagen ikajitengenezea herufi za chapa za namna hiyo.

Asidhani mtu kwamba herufi hii hupatikana kwa kuisukuma ya kawaida ikalalia upande. O iliyosukumwa hupotoka, ikavimba huku na kukonda kule, hata fundi akalazimika kuichora upya. Mistari ya kulala hupunguzwa unene, maana jicho huiona minene kuliko ilivyo. Na ncha za mviringo huvushwa kidogo mstari wa kuandikia, la sivyo zitaonekana fupi. Lakini taabu iliyo kubwa kwetu ni matundu. Kiswahili hufunga maneno yake kwa irabu, nazo a, e na o zote zina tundu. Basi andika Kongowea au Makupa kwa unene usio na hadhari, matundu yazibe, uone jina lote likigeuka mabonge ya rangi. Naam, fundi wa herufi za Kiswahili hupimwa kwa a yake.

Kanga, kwa upande wake, haikuufuata mtindo huu kwa ukamilifu. Katika mtaa wa Biashara, lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887 na kujulikana zaidi kwa jina la Abdulla, jina la kanga, yaani usemi wake, ambalo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, sasa huandikwa kwa za Kilatini, nene na kubwa, lakini aghalabu zimesimama wima. Kwani mvaaji hana haraka, na anayekusudiwa kulisoma atapewa nafasi ya kutosha.

Ukiingia Mji wa Kale mambo hugeuka kabisa. Katika vichochoro vya kando ya Ndia Kuu ukuta u karibu na uso wa mpitaji, na baadhi ya milango ina nakshi na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa msomaji atakayesimama. Hapo bango nene lililoinama, hata liwe limechorwa kwa ustadi gani, humpigia kelele mtu aliye mbele yake; tuktuk ipitayo kwa mwendo ina udhuru, lakini duka halina pa kukimbilia. Kwa maoni yangu, herufi wima zenye kimo cha kiganja, zilizopakwa kwa rangi moja juu ya chokaa, zingemtosha kila mnunuzi ajaye kwa miguu.