Koili ya mashine ya dhahabu: Usinunue kwa kutazama plagi

Ukienda Buyenzi hapa Bujumbura kutafuta kipuri cha gari, fundi hakupi kitu kabla ya kukuuliza aina ya gari, mwaka wake na namba ya injini. Lakini kwa mashine za kutafutia dhahabu nimeona mambo yakienda kinyume. Mnunuzi anaonyesha plagi, muuzaji anatafuta koili yenye plagi inayofanana nayo, fedha zinatolewa, na safari ya Mabayi, Muyinga au Cankuzo inaanza. Kilio huanzia huko huko porini.

Nilizungumza na ndugu mmoja aliyerejea nchini baada ya kuishi miaka mingi Kasulu, mkoani Kigoma. Yeye na wadogo zake wawili walichanga akiba yao, wakanunua mashine iliyotumika, kisha wakaongeza koili kubwa waliyoambiwa inafika chini zaidi. Plagi iliingia bila shida na taa ziliwaka. Hata hivyo, mashine haikulia hata ilipopitishwa juu ya jembe. Wakati huo fedha za mbegu na za kodi ya nyumba zilikuwa zimekwisha kutumika.

Ndugu msomaji, koili ni ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya udongo. Waya uliozungushwa ndani yake hutoa nguvu ya sumaku kwenda ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na metali, huamsha umeme mdogo ndani ya metali hiyo, nao umeme huo hurudisha ishara ambayo koili huipokea. Mashine hupimwa kiwandani pamoja na koili zake. Ukiweka koili ya mashine nyingine, kinachopokewa hakieleweki tena, na saketi yenyewe inaweza kuharibika.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni jina na namba kamili ya mashine. Kusema "ni Minelab" hakutoshi. Mashine za Minelab za SD, GP na GPX, kuanzia 4000 hadi 5000, hupokezana koili. Lakini GPZ 7000 iliyotoka mwaka 2015 ina koili zake peke yake, na GPX 6000 iliyotoka mwaka 2021 nayo haikubali koili za GPX 5000. Kwa upande wa Garrett, koili za ACE haziendi kwenye mashine za AT. Majina yanakaribiana, lakini koili ni tofauti.

Jambo la pili ni masafa, ambayo hupimwa kwa kilohezi. X-Terra 705, ambayo bado inauzwa ikiwa imetumika, ina koili za kilohezi 3, 7.5 na 18.75. Zote tatu zinaingia na kufanya kazi, ila kwa chembe ndogo za dhahabu inayofaa zaidi ni ile ya 18.75. Mtu akikuuzia ya 3 kwa bei nafuu, amekupa koili ya kutafutia vitu vikubwa vya fedha na shaba. Mkataba wenu ni halali, lakini dhahabu yako itabaki ardhini.

Jambo la tatu ni udongo. Ardhi nyekundu ya milima yetu ina chuma kingi, nacho hufanya mashine ilie ovyo. Koili iliyoandikwa DD hustahimili udongo wa namna hiyo. Ile iliyoandikwa Mono, inayotumika kwenye mashine kama GPX 5000, aghalabu hufika chini zaidi, lakini husumbuliwa zaidi na udongo wenye chuma. Ukubwa nao unadanganya wengi. Koili ya inchi 15 au zaidi huona kipande kikubwa kilicho mbali, ila hupitwa na punje ndogo, na huuona udongo mwingi zaidi kwa mara moja. Kwenye mashimo ya zamani na katikati ya mawe, koili ya inchi 5 au 6 mara nyingi ndiyo huleta chakula nyumbani.

Halafu kuna bidhaa za bandia. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wa China waliiba michoro ya mashine za Codan, kampuni ya Australia inayomiliki Minelab. Mashine za bandia ziliuzwa Afrika, nyingine zikipitia Dubai. Faida ya kampuni ilishuka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014. Ikiwa kampuni kubwa iliumia hivyo, mnunuzi mdogo aliyeweka akiba yake yote ataumia mara ngapi? Koili ya bandia huwa na namba na nembo kama za ile halisi, kwa hiyo usiishie kusoma maandishi.

Ijaribu kabla ya kulipa. Dukani kuna nyaya, simu na mabati, hivyo mlio wa pale hauna maana. Mchanga wa ufukweni mwa Tanganyika nao huifanya karibu kila mashine itulie. Chimba udongo mwekundu ujaze ndoo, fukia humo chubwi ndogo ya wavuvi, maana risasi hulia karibu sawa na dhahabu, kisha pitisha koili. Gonga pia koili polepole kwa kidole na utikise waya wake. Ikilia bila metali, iache.

Kwa ndugu zangu wa Kobero na Mugina, kumbukeni kwamba utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Koili iliyotengenezwa Malaysia au China haimo, hata kama umeinunua Kigoma. Dai risiti yenye namba ya mashine na namba ya koili, na umwandikishe muuzaji kwamba ataipokea isipofanya kazi. Anayekwenda kuchimba naye ahakikishe ana kibali.

Mwisho, mashine haichagui metali ya heri. Mwaka 2011 Burundi ilitangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Lakini guruneti lililotupwa wakati wa vita halikuwa kwenye ramani yoyote. Mashine ikilia, fukua polepole kutoka pembeni. Ukiona chuma cha mviringo au chenye pini, simama, weka alama, waondoe watoto na uwaite polisi. Vilevile, ukimya wa mashine si ushahidi kwamba ardhi ni salama, hasa ikiwa koili si yake.

Waswahili walisema rahisi ghali. Kabla ya kuvuka mpaka, andika namba ya mashine yako kwenye karatasi, na karatasi hiyo itoke mfukoni kabla ya fedha.