Joto Lililofunikwa na Barafu (Sehemu ya Pili)

Septemba 1893, meli ya Norway iitwayo Fram iliingia kwa makusudi katika barafu ya kaskazini mwa Siberia, ikakubali kunaswa. Kiongozi wa msafara, Fridtjof Nansen, alitaka barafu yenyewe iwavushe Bahari ya Aktiki. Iliwachukua karibu miaka mitatu. Njiani mabaharia walishusha vipimajoto baharini, navyo vikaleta habari ya ajabu: maji ya juu yalikaribia kuganda, lakini yapata mita 200 chini yake yalikuwa na joto zaidi, juu ya nyuzi sifuri.

Aliyezoea kuona maji ya moto yakipanda katika sufuria atashangaa. Kwenye baridi kali kiasi hicho, kinachoamua uzito wa maji si joto bali ni chumvi. Mito ya Ob, Yenisei na Lena humwaga maji matamu, nayo huelea. Maji ya Atlantiki, mazito kwa chumvi, huingia na kuzama pamoja na joto lake. Joto hilo linatosha kuyeyusha barafu yote iliyo juu. Haliifikii kwa sababu katikati pamelala tabaka la maji baridi ambayo chumvi yake huongezeka kadiri yanavyoshuka.

Basi ni nini kinachoweza kulipandisha joto hilo?

Jibu lilianzia katika fumbo jingine la safari hiyo hiyo. Nansen aliona kwamba barafu haikuufuata upepo sawasawa. Ilipinda kulia kwake kwa nyuzi 20 hadi 40. Alihisi kuwa chanzo ni mzunguko wa dunia, akalipeleka swali kwa mwanafizikia Vilhelm Bjerknes, naye akamkabidhi kijana wa Sweden, Vagn Walfrid Ekman. Tasnifu ya uzamivu ya Ekman, iliyotolewa Uppsala mwaka 1902, ilionyesha kwa kalamu na karatasi kwamba kila tabaka la maji hulikokota lililo chini yake, kila moja likipinda zaidi na kudhoofika zaidi. Kwa jumla, katika nusu ya kaskazini ya dunia, maji husukumwa kulia, pembe mraba na upepo. Kusi inapovuma kando ya Somalia, ndivyo maji ya juu yanavyoiacha pwani na maji baridi ya kilindini yakapanda kushika nafasi. Hesabu ni ile ile.

Kwa kuwa upepo unaweza kulipandisha joto la kilindini hivyo, hesabu za barafu haziwezi kuishia kwenye barafu. Mwaka 1971 Gary Maykut na Norbert Untersteiner walikokotoa kwa kompyuta jinsi barafu inavyokua na kukonda, wakikadiria kuwa bahari huipa kutoka chini joto la takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba. Ni kidogo kuliko balbu ya chumbani! Barafu yao ilitulia kwenye unene wa karibu mita 3. Walipoliongeza joto hilo, ilikonda upesi.

Watafiti wa uzamivu wa leo wanarithi kazi hiyo. Wanaigawa bahari katika visanduku, kisha kompyuta inakokotoa joto, chumvi na mwendo wa maji katika kila kimoja. Ugumu ni kwamba mizunguko ya maji ya Aktiki ni midogo, mingi ina upana wa kilomita 10 hivi. Kisanduku cha kilomita 100 huimeza bila kuiona. Na vipimo ni haba. Roboti za Argo za kupima bahari, karibu 4,000 duniani, hupanda juu kutuma habari kwa setilaiti, na barafu huzizibia njia. Kwa hiyo bado wanadamu huenda wenyewe: kuanzia Septemba 2019 hadi Oktoba 2020 meli ya Ujerumani, Polarstern, iliongoza msafara ulioelea na barafu kama Fram.

Setilaiti ziliona barafu ikipungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4 Septemba 2012, karibu nusu ya ile ya Septemba za miaka ya 1980. Barafu ikipungua, upepo huyakoroga maji moja kwa moja. Mwaka 2017 Igor Polyakov na wenzake walichapisha vipimo vya upande wa mashariki wa Aktiki: tabaka la kinga limedhoofika, maji ya Atlantiki yamesogea juu, na joto lake limeanza kuipunguza barafu kwa kiasi kinachokaribiana na athari ya hewa. Huko, hata katika usiku wa majira ya baridi ambapo jua halichomozi kabisa, barafu hainenepi kama zamani.