Kona Isiyofagiliwa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mwenye ufagio auweke chini kwanza. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Inahusu uwanja wenu wa shule, hapo hapo mnapofagia kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini.

Utaratibu mnaujua. Kila kundi lina eneo lake, kiranja wa usafi anapita na daftari, na atakayeacha majani chini ya mwembe ataandikwa jina. Fagio za chelewa zinakwenda mpaka udongo unabaki na michirizi mitupu. Majani yanasukumwa shimoni, yanatiwa moto, na moshi unaingia darasani kabla ya mwalimu.

Sasa nendeni mkautazame ule mwembe. Mizizi yake imetoka nje, ndiyo hiyo mnayoikalia wakati wa mapumziko. Haikuota juu. Udongo uliokuwa umeifunika ndio uliohama. Kisha tazameni ukuta wa darasa: juu ni mweupe, lakini chini, mpaka usawa wa goti, umejaa madoa mekundu. Aliyeuchafua ni mvua. Tone likianguka kwenye udongo ulio uchi huurusha pembeni, na maji yanayofuata huubeba hadi mtaroni. Lingekuwapo tandiko la majani makavu, tone lingefikia jani kwanza, nguvu zikaisha, maji yakapenya polepole mpaka kwenye mizizi.

Na jani lenyewe ni chakula. Mti uliyavuta madini kutoka ardhini ukatengenezea jani. Jani linapoanguka, deni linalipwa. Wapo wanaolipokea. Jongoo hulitafuna. Nyungunyungu hulivuta chini ya udongo. Kuvu hulipenyezea nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, na kulilainisha. Kinachobaki ni mboji, ule udongo mweusi wenye harufu ya mvua. Moto hauwezi kazi hiyo: naitrojeni nyingi inapotelea hewani, na majivu yanabaki shimoni, mbali na mti uliokuwa ukiyahitaji. Tukimaliza kufagia na kuchoma tumetupa jongoo na mti wake.

Kwa hiyo nataka mkamwombe mwalimu wenu kona moja. Moja tu, karibu na uzio, hatua nne kwa nne, isifagiliwe wala isichomwe.

Naona mkono umenyooshwa. “Bibi, nyoka je?” Umeuliza vizuri, mjukuu wangu. Kona iwe mbali na madarasa na mbali na vyoo. Izungushieni mawe ili kila mtu ajue mpaka. Nyasi zisiachwe zikarefuka. Mtazamaji asimame nje ya mawe, na jani ligeuzwe kwa kijiti kirefu, kamwe si kwa mkono. Na mbu? Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, basi okoteni makopo na vifuu vyote. Takataka za plastiki si majani. Hizo ziondoeni bila huruma.

Mkishapata kona, kazi inayofuata ni kukaa kimya, na hiyo ndiyo ngumu. Ngoja niwaambie habari za mtu aliyeiweza.

Uingereza alizaliwa mtoto wa kike mwaka 1934, jina lake Jane Goodall. Akiwa bado mdogo sana alitaka kujua yai linatokea wapi, maana kila akimtazama kuku haoni tundu la kutosha yai. Aliuliza wakubwa, hakuridhika. Akaingia bandani, akajikunyata kwenye majani makavu, akangoja saa baada ya saa. Nyumbani walihangaika kumtafuta, hata polisi wakaitwa. Alipotokea, majani yamejaa kichwani, mama yake aliyaona macho yale yanayong'aa. Hakumgombeza. Aliketi akasikiliza jinsi yai linavyotoka. Nampenda sana mama yule.

Mwaka 1960 binti huyo alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Alikaa msituni akitazama, kama alivyokaa bandani. Siku moja akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichukua bua la nyasi, akalitumbukiza kwenye kichuguu, akalitoa limejaa mchwa, akala. Wengine aliwaona wakipukuchua majani ya kijiti kwanza ili kiingie vizuri. Wakati huo wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Ikabidi wafikiri upya, kwa sababu ya bua moja la nyasi na mtu mmoja aliyekuwa na subira.

Mwaka 1991 wanafunzi 12 walimfuata nyumbani kwake Dar es Salaam, wakaketi barazani. Walikuwa na uchungu: samaki na matumbawe yanapigwa baruti, wanyama wanawindwa kwa siri, na wao hawafundishwi habari hizo. Pale ndipo ilipoanza Roots & Shoots, ambayo sasa ina vikundi vya watoto na vijana katika nchi zaidi ya 60. Jane Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Hata kabla ya vikundi hivyo, Tanzania ilikuwa na klabu za wanyamapori za Malihai tangu 1980, na Kenya ilianzisha zake mashuleni mwaka 1968. Ulizeni, huenda shuleni kwenu klabu imo, imelala tu.

Turudi uwanjani. Chini ya ukingo wa paa, pale mvua isipofika na vumbi ni laini, kuna vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Lala kifudifudi ukitazame kimoja. Sisimizi akikanyaga ukingo, mchanga unateleza naye. Anapanda, anateleza. Halafu kutoka chini kabisa unarushwa mchanga, tap, tap, unamwangusha tena. Aliyejificha pale ni kidudu kinene cha kijivu chenye taya mbili ndefu zilizopinda, na hutembea kinyumenyume. Huyo ni mtoto bado. Akishakua hujizungushia kifuko cha hariri na mchanga, na siku ya kutoka ana mabawa manne mepesi, utadhani kerengende. Na jambo litakalowachekesha: muda wote wa utoto wake haendi haja kubwa, mpaka apate mabawa.

Mkimkuta kinyonga msimpige mawe. Hana sumu. Milima yetu ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na watu husafiri kutoka mbali kuwaona.

Jambo jingine ni miche. Siku ya kupanda miti mgeni rasmi hupanda, tunapiga makofi, picha zinapigwa. Ikifika Agosti utakuta vijiti vikavu. Mche unakufa likizoni, wakati hakuna wa kuumwagilia. Gawaneni zamu za likizo kabla shule haijafungwa, anayekaa karibu aanze. Yale majani mliyozoea kuchoma wekeni kuzunguka mche, yaache shina nafasi ya kiganja, ili jua lisinywe maji yote. Mche mmoja uliopona una faida kuliko kumi iliyopigwa picha.

Daftari la kona liwe na tarehe, hali ya hewa, nani alionekana na alikuwa akifanya nini. Usipojua jina la mdudu, mchore. Andikeni pia siku mliyokaa msione kitu. Mkaguzi akija akauliza kwa nini pale hapakufagiliwa, kiranja wa usafi asikimbilie ufagio. Ampe daftari, na ampishe kwenye mawe atazame mwenyewe.