Rilei

Rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme badala ya kidole. Mwanafizikia Mmarekani Joseph Henry alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1830.

Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye chuma laini. Mkondo ukipita katika koili, chuma hicho huwa sumaku na kuvuta kipande kingine cha chuma, ambacho hugusanisha ncha mbili na kufunga saketi ya pili. (Wanafunzi huchanganya hapa: saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme.) Mkondo ukikatwa, springi hurudisha kipande hicho mahali pake.

Chukua taa za mbele za gari. Taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 9 hivi. Mkondo huo ukipitia swichi ndogo ya dereva, swichi hupata moto na huweza kuungua. Penye rilei, swichi hubeba mkondo wa koili tu, ulio chini ya ampea 1.

Katika rilei nyingi za magari, miguu 85 na 86 ni ya koili, 30 hupokea umeme wa betri na 87 huupeleka kwenye taa. Kuunganisha 30 na 87 kwa kipande cha waya huwasha taa, lakini swichi haiwezi tena kuzizima. Hivyo ndivyo pia inavyokuwa ncha zikiyeyuka na kushikana.