Televisheni Aliyotuachia Baba

Televisheni ya kichogo aliyotuachia marehemu baba yetu ilikuwa imefifia, nasi tulikusudia kuifungua tuipanguse vumbi. Alhamdulillahi, fundi alituzuia mapema. Tyubu ya picha huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Ile ya rangi hufikia volti 25,000. Isitoshe, ndani yake hamna hewa: ikipasuka, vipande vya kioo huruka kwa nguvu. Kazi yetu ikawa kupangusa uso wa kioo tu, kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Fundi akaipasha moto kathodi iliyochoka, mwanga ukarejea, ijapokuwa si wa kudumu. Urithi tuutunze, lakini watoto wetu ni amana kubwa zaidi.